Silinda ya Nne

Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025, saa mbili na robo asubuhi, mvua ya vuli iliyonyesha Mikindani tangu alfajiri ilikatika ghafla, na jua likatoka kali, likaanza kufukiza mvuke kutoka kwenye matope ya gereji ya Mwidani. Ndipo pikapu ya Rashad ilipoingia langoni ikitetemeka mwili mzima, ikikohoa na kuchechemea, na moshi wake ukitoka kwa mikupuo kama pumzi ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo.

Mwidani aliweka spana chini. Wateja wengine wangengoja, Rashad hakuwa wa kungojeshwa. Baina ya watu hawa wawili kulikuwa na jambo ambalo mtaa mzima ulilijua. Miaka minane nyuma, Mwidani alikuwa akilijaribu gari la mteja kwenye barabara ya Changamwe, mtu mmoja akapaza sauti kwamba gari lile ni la wizi. Kundi halikuuliza. Walimtoa kupitia dirishani, wakamvunja mbavu, wakamvisha tairi, wakammwagia petroli, na kiberiti kilikuwa kimekwisha kuwashwa wakati Rashad, mwuza boriti wa Jomvu Kuu ambaye hadi siku hiyo walikuwa wakisalimiana tu, alipolielekeza lori lake katikati ya watu wale, akashuka na chuma mkononi, akavunja taya la mtu, akamtoa Mwidani. Moto ulikuwa umekwisha kushika bega. Ngozi ya shingo ya Mwidani upande wa kushoto ilibaki imekunjamana hata leo, na tangu siku hiyo hakuna neno la Rashad alilopata kulipinga.

"Salaam aleikum, fundi."

"Waaleikum salaam. Yakhe, umelifanya nini gari la watu? Linalia kama limefiwa."

"Linamisi tu, halichomi sawasawa. Plagi hizo. Nitengenezee upesi, nataka kuvuka feri ya Likoni kabla ya swala ya Ijumaa."

"Msikiti wa Jomvu umekukosea nini leo?"

"Nina safari ya Lungalunga." Rashad alitabasamu kwa meno peke yake. Kanzu yake ilikuwa safi, lakini kucha zake zilikuwa nyeusi, na jicho moja lilikuwa limevimba.

"Limeanza lini?"

"Asubuhi hii. Limelala nyumbani tangu juzi, wallahi laadhim, halijatoka hata hatua moja."

Mwidani alikiona kiapo hicho kuwa kikubwa kuliko swali lake, lakini alifungua boneti na kuiacha injini iendelee kunguruma. Aliinama, akachomoa waya wa koili ya kwanza. Injini ililegea, ikakaribia kuzima. Akaurudisha, ikapata nguvu. Akachomoa wa pili, ikalegea vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Alipochomoa wa nne, injini haikubadilika hata chembe. Iliendelea kutetemeka kama ilivyotetemeka mwanzo, kwa sababu huwezi kumnyang'anya maiti chakula akalalamika.

"Silinda ya nne imekufa," alisema.

"Basi ifufue."

Alizima injini. Plagi ya tatu akaihamishia kwenye nafasi ya nne, na ya nne kwenye ya tatu. Akabadilisha koili nazo. Akawasha. Ya tatu ilifanya kazi kwa plagi ile ile iliyodhaniwa mbovu. Ya nne ikabaki maiti. Haukuwa moto wa plagi uliokosekana, basi. Akazima tena, akazitoa plagi zote, akaziba kila tundu kwa kidole gumba huku Rashad akizungusha ufunguo. Matundu matatu ya mwanzo yalimsukuma kidole kwa hasira. La nne lilimpulizia kama mzee anayezima mshumaa.

Hapo alifanya jambo alilofundishwa na marehemu bwana aliyemlea katika kazi hii, na ambalo mafundi wa mjini humcheka kwalo. Alichomoa kijiti cha chelewa kutoka kwenye ufagio wa uani, akakiteremsha katika tundu la kwanza hadi kikakaa juu ya pistoni, akaizungusha injini taratibu kwa spana mpaka kijiti kikafika juu kabisa, akakitia alama kwa ukucha. Akarudia kwa tundu la pili na la tatu, na alama ikaangukia pale pale. Katika la nne kijiti kilizama zaidi, kwa unene wa sarafu. Pistoni ile haikuwa ikifika juu. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoibeba na kuisukuma, ulikuwa umepinda.

Mwidani alijikuta ameshika kijiti hewani. Chuma kile hakipindwi na petroli wala na uzee. Kinapindwa na kitu kimoja: maji yaliyoingia ndani ya silinda injini ikiwa inakwenda, kwa kuwa maji hayakubali kubanwa. Akafungua kasha la kichujio cha hewa. Karatasi yake ilikuwa imelowa na kujaa tope la kijivu, lenye harufu ya yai viza. Akagusa kwa kidole, akaonja.

Chumvi.

"Rashad," alisema kwa sauti ndogo, "gari hili limekunywa maji."

"Mvua ilikuwa kubwa."

"Mvua haina chumvi, yakhe. Na hili ni tope la mikoko."

Rashad alitazama langoni. Kisha akasogea mpaka vifua vyao vikakaribia kugusana chini ya boneti, akamshika Mwidani shingoni, na kidole gumba akakiweka juu ya lile kovu, akalibonyeza.

"Unaikumbuka ngozi hii?"

"Naikumbuka."

"Basi sikiza, na ukisikia usahau. Nilikuwa na boriti za mikoko ng'ambo ya hori, zimekatwa tayari. Nikavuka jana usiku maji yakiwa yamekupwa. Kalenda ya ukutani kwangu inasema mwezi ulikuwa kumi na saba. Kwa kumi na saba maji yanakupwa mpaka karibu na saa sita usiku, na nafasi ya kurudi nilikuwa nayo tele. Wallahi, nilihesabu kwa karatasi, mimi, mtoto wa Jomvu! Mwezi wa mbinguni ulikuwa kumi na sita, na kwa kumi na sita maji hugeuka karibu saa nzima mapema. Nilipofika kati, maji ya bamvua yamekwisha kugeuka kujaa, maji yako juu ya magurudumu, injini ikameza, ikazima." Alitazama tena langoni. "Na Kazungu akaja na kurunzi lake."

Kazungu alikuwa mlinzi wa mikoko, aliyewekwa na wanakijiji wenyewe baada ya miti kukatwa hovyo.

"Akaushika mlango," Rashad aliendelea. "Akaniita kwa jina langu na la babangu. Nikamwambia tunazungumza, akasema kuzungumza ni kwa chifu. Panga la kukatia kamba lilikuwa kitini."

"Umempiga?"

"Mara ngapi sijui. Hata alipoanguka majini nilimfuata. Kisha nikatoa plagi, injini ikatema maji, ikawaka kwa taabu, nikaliondoa gari kabla halijafunikwa." Aliuondoa mkono shingoni, akaipangusa kola ya Mwidani kama anayemtoa vumbi. "Nilikungoja miaka minane bila kukudai kitu. Leo nadai. Itie injini hii nguvu ya kunifikisha mpakani, na unyamaze. Uhai kwa uhai."

Mwidani alitazama kijiti cha chelewa mkononi mwake, na katika moyo wake, ambao alizoea kuuona mnyoofu, alianza kuhesabu kama silinda tatu zinaweza kulifikisha gari Lungalunga. Alikuwa bado akihesabu waliposikia kelele.

Zilitoka njia ya Jomvu Kuu, kwanza kama soko, kisha kama soko linaloungua. Mtu mmoja aliingia langoni akikimbia kwa mguu mmoja na kuuburura mwingine. Alikuwa Kaviha, mchomeleaji vyuma ambaye kibanda chake kilikuwa nyuma ya gereji hiyo hiyo, baba wa watoto wanne, mtu wa maneno machache ambaye kila alfajiri hushuka horini kutazama mitego yake ya kaa. Sikio lake la kulia lilikuwa limening'inia. Damu ilikuwa imemjaa kifuani na mikononi mpaka viwikoni.

"Mwidani! Ndugu yangu, niokoe, wananiua! Mimi nimemkuta tu! Nimemkuta, nikamwinua!"

Jiwe lilimpiga mgongoni kabla hajamaliza, akaanguka kifudifudi kando ya shimo la kukagulia magari. Kundi likaingia nyuma yake, wanaume kwa wanawake, na mbele yao Thoya, ndugu yake Kazungu, akiwa na mpini wa shoka usio na shoka. Hakuwa akipiga kelele kama wengine. Alimkanyaga Kaviha shingoni, akaupandisha mpini, akaushusha juu ya goti. Kila mtu uani alisikia lilivyovunjika.

"Sema wenzako," alisema Thoya. "Tumeona alama za magurudumu zimeingia majini. Nani alikuwa na gari?"

"Sijui, Thoya! Kwa jina la Mungu, mimi na Kazungu tumekula pamoja!"

"Mmegombana pamoja pia! Mwezi uliopita alikunyang'anya kuni, ukamwapiza!" alipaza sauti mwanamke mmoja.

"Mikono yake hiyo, damu ya nani? Ya kaa?" Mtu alicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko jiwe.

Mpini ulishuka tena. Mwidani aliuona mdomo wa Kaviha ukifunguka bila sauti kutoka. Alitaka kusema. Ulimi ulikuwapo, pumzi ilikuwapo, lakini jicho la Rashad lilikuwa limekaa juu ya kovu la shingo yake, na yeye akasimama. Kijana mmoja alichukua tairi kuukuu kutoka kwenye rundo la gereji, akalivingirisha, wakamwinua Kaviha na kumvisha mpaka kwapani. Mwidani aliijua harufu ya mpira ule ukiwa karibu na pua. Aliijua baridi yake shingoni kabla ya moto. Bado alisimama.

"Petroli, fundi! Una petroli wapi?"

"Sina," alisema, na hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

"Gereji gani isiyo na petroli? Unamficha?"

Rashad akapiga hatua mbele. Alikuwa ametulia, kanzu yake ikimeremeta juani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa mchango msibani.

"Jamaa zangu, msigombane na fundi. Tangi langu limejaa. Leteni mpira, mnyonye hapo. Mwuaji hana haki ya kungojewa."

Watu walimshukuru. Mmoja akamwita sheikh.

Mwidani aliligeukia kasha la kichujio, akakitoa kile kichujio kilicholowa, akavuka ua. Alipitia katikati ya mikono na marungu mpaka akafika mbele ya Thoya.

"Kaviha hakumwua ndugu yako."

Thoya alimpiga mpini wa mbavu bila kusema neno. Mwidani alipiga magoti, akainuka.

"Nipige tena ukitaka, lakini onja hiki kwanza."

"Unanipa uchafu wa gari nikiwa na maiti nyumbani?"

"Onja, Thoya! Umezaliwa hapa. Huhitaji mtu akwambie maji ya hori yana ladha gani."

Labda lilikuwa ni jina lake kutamkwa kwa namna ile, labda kuona fundi aliyepigwa akirudi kusimama pale pale. Thoya alichovya kidole kwenye tope la kijivu, akakipeleka mdomoni. Kundi likapungua kelele.

"Chumvi," alisema.

"Hiki kimetoka ndani ya pikapu ile, sasa hivi, mbele ya mwenyewe. Gari limezama horini injini ikiwa inakwenda, silinda ya nne imekufa, mkono wake umepinda. Asubuhi ameniapia halijatoka nyumbani tangu juzi. Ulikuwa ukiuliza nani alikuwa na gari."

Mwidani hakulitaja jina. Hapakuwa na haja. Vichwa vilikwisha kugeuka.

"Fundi amepatwa na wazimu," alisema Rashad, na hapo hapo akaingiza mkono chini ya kiti cha pikapu, akatoka na panga.

Hakuwafuata wao. Alimfuata Mwidani. Panga lilishuka usoni, Mwidani akalikinga kwa mkono wa kushoto, na vidole viwili, cha mwisho na jirani yake, vikaanguka matopeni vikiwa bado na grisi. Panga lilipopanda mara ya pili jiwe lilimpata Rashad kwenye panja. Akayumba. Kisha walikuwa juu yake wote.

Ni jambo gumu kulieleza kwa mtu ambaye hajaliona, wepesi ambao watu hao walimwacha mmoja na kumwendea mwingine. Tairi lilitolewa kwapani mwa Kaviha kwa mikono ile ile na kupelekwa kwa Rashad. Kanzu ilipasuka kutoka juu mpaka chini. Mwanamke aliyemshitaki Kaviha kwa kumwapiza Kazungu sasa alikuwa akimpiga Rashad kiatu cha mdomo, akimwuliza kwa nini, kwa nini, bila kumpa nafasi ya kujibu. Mpira wa kunyonyea ulikwisha kuingizwa katika tangi. Petroli ya Rashad mwenyewe ilianza kutiririka ndani ya debe.

"Mwidani!" Rashad alilia kutoka chini. Hakusema zaidi.

Mwidani alikuwa ameufunga mkono wake kwa fulana, damu ikimtoka kwa mapigo. Aliokota mtaimbo. Hakuwaza sana, akili yake ilikuwa na neno moja tu, kwamba jambo hili lilipata kuzuiwa na mtu mmoja mwenye chuma, na kwamba anajua aliyelizuia. Alimpiga wa kwanza kwenye nyonga, wa pili akamtupa juu ya pipa la mafuta. Debe la petroli alilipiga teke likamwagika matopeni. Akamshika Rashad kwa nywele, akamburura hatua chache, akamsukuma ndani ya shimo la kukagulia magari. Rashad akasikika akianguka chini kwa kishindo. Kisha Mwidani akazikanyaga mbao mbili zilizokuwa juu ya shimo, akasimama juu yake, mtaimbo mkononi.

"Ondoka hapo," alisema Thoya.

"Siondoki."

"Umetwambia wewe mwenyewe! Ni yeye!"

"Ni yeye. Na atakwenda kwa askari akiwa mzima, aseme mbele ya hakimu, usikie kwa masikio yako alivyomfuata nduguyo majini. Mmekwisha kumvunja goti asiye na hatia asubuhi hii. Nani kati yenu aliyekuwa na shaka hata kidogo?"

Kaviha, kando, aliguna kwa maumivu, na kuguna kule kukawa ndilo jibu. Lakini Thoya alikuwa amemwosha ndugu yake matope usoni saa mbili tu zilizopita, na hoja haikumfikia. Alipandisha mpini wa shoka. Mwidani alimtangulia, mtaimbo ulimpata kwenye kifundo cha mkono, ukakivunja, na mpini ukaruka. Thoya alibaki ameushika mkono wake, akimtazama fundi kwa mshangao wa mtoto. Kisha akaketi matopeni, akaanza kulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akimwita Kazungu kwa jina lao la utotoni. Baadhi ya waliokuwa nyuma yake walitupa mawe chini. Wengine hawakuyatupa. Mwidani alipigwa mara tatu zaidi akiwa juu ya mbao zile, kichwani, begani na pajani, na hakushuka mpaka Land Rova ya polisi ilipofika langoni na risasi mbili zikapigwa hewani.

Kaviha alipakiwa kwanza. Mwidani alisisitiza hilo, na askari, walipoona hali ya mguu ule, hawakubishana. Alipopitishwa mbele yake, Kaviha alifungua jicho lililoweza kufunguka.

"Ulikaa kimya," alisema.

"Nilikaa kimya," alijibu Mwidani. "Sina la kujitetea."

Halafu wakamtoa Rashad shimoni, pingu mkononi, meno ya mbele hayapo, kanzu imekuwa kitambaa cha kupangusia grisi. Alisimama mbele ya Mwidani, askari mmoja kila upande.

"Umeniuza," alisema. "Mimi nilikutoa katika moto. Wewe umenipeleka kwenye kitanzi. Nakudai, Mwidani. Mpaka kaburini nakudai."

Mwidani alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, mwanamke mmoja akimfunga mkono kwa kipande cha leso. Aliinuka, kwa kuwa aliona neno hilo halifai kusemwa na mtu aliyeketi.

"Ulinitoa mikononi mwa kundi nikiwa hai. Nimekutoa mikononi mwa kundi ukiwa hai. Hilo ndilo nililokuwa nikidaiwa, na nimelilipa leo, vidole vyangu viko pale chini. Ulichokitaka zaidi ya hapo kilikuwa uhai wa Kaviha, na huo haukuwa wangu kuutoa. Mahakamani nitaitwa, nami nitasema yote, ya kijiti na ya chumvi na uliyoyatamka. Huna chako kwangu tena."